Vikombe vya Ndalu

Mwezi wa nane uliopita Daktari Muthoni alinipigia simu akasema analeta Kitale madaktari vijana watatu, wanafunzi wake wa magonjwa ya kuambukiza, na kwamba kabla hawajaonana na mtu yeyote hospitalini anataka waje kwangu Kibomet wanywe chai. "Wanatafuta nafasi za utafiti," aliniambia. "Vitabu wamesoma vyote. Nataka wakusikie wewe." Walikuja Jumamosi, wakakaa kwenye viti vyangu magoti yamebanana kama watu waliokuja kuposa, wakala mandazi bila kuangusha hata chembe moja. Mmoja wao, kijana mrefu mwenye miwani, aliniuliza kwa heshima, "Mama, wewe ulisomea utafiti chuo gani?" Daktari Muthoni alicheka hadi chai ikamwagika kwenye sahani. Nilimjibu kijana kwamba nilisoma hadi kidato cha pili, na kwamba utafiti niliusomea jikoni, nyumba ya tatu kutoka hapo tulipokuwa tumekaa, mwaka wa elfu mbili na nne. Wakadhani ni mzaha. Walipoondoka niliosha vikombe taratibu, nikiwaza kwamba mwaka ule nimeusimulia vipande vipande kwa watu wengi, kila mtu kipande chake, na sijawahi kumpa mtu yeyote mwaka mzima.

Habari za kufiwa nitaziacha, maana si zangu peke yangu. Itoshe kusema kwamba mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, wadogo zangu watatu walikuwa shuleni, na mzazi alikuwa mimi. Tulikuwa na chumba kimoja nyuma ya kanisa, na asubuhi baada ya kuwatuma shule nilikwenda kupika katika nyumba ya madaktari. Ilikuwa nyumba ya mawe yenye vigae vyekundu, ya familia ya Kisingasinga iliyokuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini. Wenyewe waliishi jirani, ua mmoja katikati. Ndani kulikuwa na vyumba vinne, na chumba nilichokipenda kuliko vyote ni kile cha kulia, ingawa hakuna aliyelia humo. Meza yake ilikuwa imefunikwa na karatasi, ramani za vijiji, daftari zenye mistari, na kalamu zisizoandika ambazo hakuna aliyekuwa tayari kuzitupa. Madaktari walikula wamesimama, au wamekaa jikoni kwangu juu ya viti vya mbao, sahani mapajani. Hivyo ndivyo nilivyosikia kila kitu. Mtu akitaka kujua ya watu waliosoma, awapikie.

Walikuwa wawili. Daktari Muthoni, mwembamba, mwenye haraka, aliyetembea kana kwamba kila mlango unakaribia kufungwa. Na Daktari Kiprop, mnene kidogo, mcheshi, aliyeniita Mama Pishi ingawa alinizidi miaka kama kumi. Wote walikuwa madaktari kamili tayari, lakini walikuwa wanasomea juu zaidi, magonjwa ya kuambukiza, na katika masomo hayo mtu hupewa mwaka mmoja afanye utafiti wake mwenyewe. Kiprop alichunguza malaria ya watoto Bungoma. Muthoni alichunguza kifua kikuu: mtu mmoja akipatikana na ugonjwa, yeye alikwenda nyumbani kwa mtu huyo kuona kama waliobaki nao wanaugua. Mwisho wa mwaka, profesa wao angekuja Bungoma kuwasikiliza, na mmoja wao angepewa nafasi ya kuendelea kwa miaka mitatu katika maabara kubwa. Mmoja tu.

"Nafasi moja, watu wawili," Kiprop alisema jioni moja, akikata ugali kwa mwiko. "Hesabu ya watoto wa nasari."

"Basi wewe rudi kwenu ukakamue ng'ombe," Muthoni akamjibu.

"Ng'ombe wetu wananijua jina. Profesa hata hanijui. Ananiita 'wewe wa malaria.'"

"Mimi ananiita 'msichana.' Afadhali wewe."

Wakacheka, kisha Muthoni akaacha kucheka. Nakumbuka alikuwa ameshika tonge la ugali, analizungusha kwenye mrenda unaovutika bila kulipeleka mdomoni. "Wodini namtibu mtu aliyefika," alisema. "Kila siku, aliyefika. Mimi nataka kujua wale ambao hawajafika. Hiyo ndiyo sababu naitaka hii nafasi, Kiprop. Si cheti." Nilikuwa nimewapa mgongo nikiosha sufuria, na maneno hayo yaliniingia. Kwetu tulikuwa tumezika mtu ambaye hakufika.

Inabidi nieleze jambo moja kuhusu jirani yetu, Mama Kulwinder, mwenye nyumba. Alikuwa na mazoea ya kututumia ndengu zake za viungo kwenye kibati cha chuma chenye mfuniko, na mimi kibati kile sikuwahi kukirudisha kitupu. Kwetu Wabukusu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hata limau moja, hata chumvi iliyofungwa kwenye karatasi, utaweka kitu ndani. Sikufundishwa hilo kwa maneno. Nilikua nikalikuta kama nilivyoikuta miguu yangu. Kibati kilikwenda na ndengu kikarudi na sukuma, kikaenda na achari kikarudi na mayai mawili, hadi mama wa watu akaja uani mikono kichwani.

"Nekesa, wewe nasumbua mimi! Mimi natuma ndengu, wewe naleta sukuma, sasa mimi lazima tuma tena. Hii kazi taisha lini?"

"Haiishi, Mama."

"Haiishi!" akamwambia Muthoni aliyekuwa akianika nguo. "Daktari, sikia huyu. Haiishi!"

Muthoni alicheka kama mtu anayetazama sinema ya watu wengine. Alikuwa amelelewa Nairobi, ghorofani. Mimi nilicheka pia, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba jambo lile lilikuwa na uhusiano wowote na kifua kikuu.

Mwezi wa saba mkalimani wa Muthoni, kijana aliyekuwa akingoja chuo cha ualimu, aliitwa chuoni akaondoka kesho yake. Muthoni alikuja jikoni, akasimama mlangoni akiniangalia nikikanda unga.

"Nekesa, wewe Kibukusu unakijua vizuri?"

"Daktari, hicho ndicho najua. Hiki Kiswahili ni cha kuazima."

"Unaweza kwenda na mimi vijijini Ndalu kesho? Kiprop atakula mkate."

"Nitakufa," Kiprop alisema kutoka chumba cha pili.

Ndivyo nilivyoingia utafitini. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: tunafika kwa mtu jioni, tunaandika watu wa nyumba ile, tunamwachia kila mmoja kikombe kidogo cha plastiki chenye kifuniko na karatasi ya jina. Asubuhi, kabla ya uji, kila mtu akohoe kutoka ndani kabisa ya kifua, makohozi aweke kikombeni. Sisi tunarudi kuvichukua, vinakwenda maabara. Wakati wa yule kijana, nusu ya vikombe vilirudi vitupu au na mate tu. Watu waliona aibu, au walisahau, au hawakuelewa. Muthoni alikuwa amekata tamaa na Ndalu. Mimi nilipofika niliongea kama nilivyolelewa. Nilisalimia mulembe, nikaulizia mahindi, nikaulizia goti la mzee, nikanywa chai waliyonipa hata kama ilikuwa ya tano siku hiyo. Na mwisho, nikiwa tayari nimesimama, niliwaambia kwa Kibukusu: "Hivi vikombe ni vya daktari. Tafadhali visirudi vitupu." Nilijivunia sentensi ile. Niliitunga mwenyewe.

Vikombe vikajaa. Nyumba baada ya nyumba, vikombe vyote, hadi vya vizee. Kiprop alisimama mbele ya sanduku la barafu akavihesabu kwa kidole. "Mama Pishi, umewapa nini hawa watu? Ati Ndalu yote inakohoa?" Muthoni alinishika mabega mawili akanitikisa. Nilijiona mtu. Nilikuwa nikirudi chumbani kwetu jioni nikiwaambia wadogo zangu maneno ya utafiti: sampuli, hadubini, kaya. Wafula, aliyekuwa darasa la nane, aliyaandika nyuma ya daftari lake. Siku moja Muthoni aliniacha nichungulie kwenye hadubini. Aliniambia nitafute vijiti vyekundu kwenye rangi ya samawati, na nilipoviona, vidogo, vimelala ovyo kama njiti za kiberiti zilizomwagika, sikutaka kuondoa jicho. Nilikuwa nimewaogopa wadudu hao wa kifua kikuu kwa miaka mingi bila kuwajua kwa sura.

Nyumba ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya bibi mmoja niliyemwita Kukhu Rosa, kama tunavyoita bibi zetu. Mwanawe wa kiume alikuwa wodini Kitale, ameanza dawa za kifua kikuu. Nyumbani walibaki yeye Kukhu, mkaza mwanawe, na wajukuu watatu, mdogo akiwa na miaka tisa. Tulimuuliza, "Watu wa nyumba hii ni wangapi?" Akatuhesabia kwenye vidole: watano. Tukaacha vikombe vitano, na asubuhi tukavikuta vimepangwa kwenye ungo, vifuniko vimepanguswa, vyote vimejaa. Siku chache baadaye majibu yalirudi. Vyote vitano vilikuwa na ugonjwa.

Muthoni aliingia jikoni na karatasi ile akaisoma akitembea. Nyumba nzima! Hakuna mtu katika kundi lao aliyewahi kupata nyumba kama ile. Nilipika kuku jioni hiyo bila kuambiwa. Alikuwa na huzuni kwa ajili ya wale watu, msinielewe vibaya, na dawa zao alizipanga usiku uleule ili waanze Jumatatu. Lakini furaha ilikuwepo pia, nami nilikuwa nayo. Ni Kiprop peke yake aliyekula kimya.

"Mtoto wa miaka tisa," alisema hatimaye. "Akajaza kikombe?"

"Imeandikwa hapo."

"Muthoni, mimi niko na watoto siku nzima. Mtoto hata umwombe makohozi kwa peremende, anakumezea."

"Si useme tu unataka nafasi?"

Kiprop aliweka mfupa chini. "Sawa," alisema. "Nimenyamaza." Nilimchukia kidogo wakati ule. Nilidhani ana wivu.

Ijumaa nilitumwa Ndalu peke yangu niwaambie akina Kukhu Rosa waje hospitalini Jumatatu, wote watano. Ilikuwa msimu wa kuvuna. Mahindi yalikuwa yameanikwa uani juu ya turubai, na Kukhu alikuwa amekaa pembeni akifukuza kuku kwa mti mrefu bila hata kuwatazama. Aliniita jikoni akanipa viazi vitamu na chai. Nilipokuwa natafuta namna ya kuanza, nilisikia mtu akikohoa. Haikuwa kutoka kwa nyumba kubwa wala kwa watoto waliokuwa wakipukuchua mahindi mbele yangu. Ilitoka kwa jiko la zamani huko nyuma, lililoezuliwa upande mmoja, na kilikuwa kikohozi kirefu kinachopanda kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.

"Kukhu, ni nani huyo?"

"Huyo? Ni Nafula."

"Nafula nani?"

"Si msichana wangu. Alirudi kutoka kwa bwana yake Kamukuywa tangu mwezi wa sita. Walimrudisha akiwa hivyo."

Nikaweka kikombe cha chai chini. "Kukhu, mbona hukutuambia? Tulikuuliza watu wa nyumba hii."

Alinitazama kama anayemtazama mtoto anayeuliza jina la baba yake. "Na mimi nikakuambia. Nafula si mtu wa nyumba hii. Ng'ombe zake za mahari tulikula. Yeye ni wa Kamukuywa. Ningehesabu aje mtu ya wenyewe?"

Alikuwa sahihi. Hata mimi ningehesabu hivyo. Ndipo nilipoanza kuona, polepole, kama mtu anayegundua njiani kwamba ameacha moto ukiwaka jikoni. Nikamuuliza kuhusu vikombe.

"Vikombe si ulichukua?"

"Nilichukua, Kukhu. Nani alivijaza?"

Akacheka, akijivuna kidogo. "Hawa wote walijaribu. Wakakohoa, wakakohoa, huyu mdogo karibu atapike. Ni mate tu. Sasa wewe mwenyewe ulisimama hapo ukasema visirudi vitupu. Umekuja kwangu na daktari, mkakunywa chai yangu, nikurudishie vyombo vitupu? Ungeenda kusema nini juu yangu? Nikamwambia Nafula, wewe uko nayo mingi, jazia watu. Akajaza zote. Amechoka siku hiyo, masikini!"

Niliomba nimwone. Alikuwa amelala juu ya magunia, blanketi hadi kidevuni, wa umri wangu. Aliniamkia kwa sauti isiyofika. Aliniuliza kama vikombe vilitosha.

Nimefikiri sana juu ya njia ya kurudi Kitale siku ile, na kila nikisimulia, watu hutaka niseme kwamba sikusita. Nilisita. Nilipofika sokoni Ndalu nilikaa kwenye ngazi za posho mili, wanaposaga mahindi, nikapanga uongo mzuri. Ungekuwa hivi: ningesema nimempata mtu wa sita, mgonjwa, tumchukue, na vile vikombe vitano ningeviacha vilivyo. Nafula angepata dawa. Muthoni angepata nyumba yake mbele ya profesa, aliyekuwa akija Bungoma Alhamisi ijayo. Mimi ningebaki na kazi, na wadogo zangu wangekula. Ilipendeza kila upande, mpaka nilipomfikiria yule mtoto wa miaka tisa akimeza dawa kali miezi minane kwa kifua cha mtu mwingine. Na nyuma yake nyumba nyingine zote nilizosimama mlangoni nikasema sentensi yangu nzuri. Ni nani alikuwa amejaza vikombe kule? Nani mwingine alikuwa amelala nyuma ya nyumba, si mtu wa nyumba, akikohoa kwa niaba ya watu wenye afya zao? Daktari Muthoni alikuwa amekuja Ndalu kutafuta wale wasiofika, na mimi ndiye niliyemsaidia kuwafunika.

Nilimkuta mezani, jua bado liko, anaandika atakayosema Bungoma. Sikuvua hata viatu.

"Daktari, vile vikombe vya Kukhu Rosa ni vya mtu mmoja."

"Vipi?"

Nikamwambia yote, kutoka kibati cha Mama Kulwinder hadi magunia ya Nafula. Nilimwambia na sentensi yangu, neno kwa neno. Aliweka kalamu chini. Kisha akaichukua tena, akaifunga kifuniko.

"Nyumba ngapi ulisema maneno hayo?"

"Zote."

"Zote, Nekesa?"

"Zote nilizokwenda. Tangu mwezi wa saba."

"Unajua umeniambia nini?"

"Najua, Daktari. Nimekuambia huna kitu cha kusema Alhamisi."

Alisimama, akaenda dirishani, akanipa mgongo. Nilingoja aniambie nikachukue vitu vyangu. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nikiambiwa, nitamaliza kwanza kupika, ili asilale njaa kwa hasira yake. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu. Aliuliza, "Huyo Nafula anaweza kutembea?"

"Hawezi."

"Basi kesho saa kumi na mbili tuko barabarani. Weka godoro kwenye gari."

Tulimchukua asubuhi hiyo. Kukhu Rosa alipoona godoro aliogopa, akadhani anashitakiwa. Alishika mlango wa gari akaniuliza, "Kwani nimekosa nini? Si mulitaka vijae?" Nilimwambia hajakosa, nimekosa mimi. Hakuniamini, na sioni kwa nini angeniamini; mgeni huwa hakosi. Nafula alilazwa, akapimwa kwa kikombe chake mwenyewe, akaanza dawa. Alipona. Leo ana watoto wawili na kibanda cha nguo Kamukuywa, na tukikutana hunitania kwamba nilimfanyisha kazi ya watu watano bila hata kumwajiri.

Alhamisi ilikuwa katika ukumbi mdogo wa hoteli moja Bungoma, mapazia ya kahawia, chupa za maji zimepangwa kama darasani. Muthoni aliniambia nije, si kupika. Nilikaa nyuma na nguo yangu ya kanisani. Kiprop aliongea kwanza, vizuri, bila mzaha hata mmoja, na watu wakapiga makofi. Kisha Muthoni akasimama akasema kwamba matokeo yake ya Ndalu hayafai, akaeleza kwa nini. Hakusema "mkalimani wangu alikosea." Alisema, "Tuliuliza vibaya, tukaomba vibaya." Profesa alikuwa mzee mwenye sauti ndogo iliyowalazimisha watu kuinama mbele. Akauliza nani aligundua. Muthoni akanyoosha mkono hadi kwangu, na vichwa vyote vikageuka.

"Wewe ni nani?" profesa akaniuliza.

"Nekesa. Napika."

"Uliwaambia nini hao watu hasa?"

Nikaisema kwa Kibukusu. Muuguzi mmoja wa Bungoma aliyekuwa amekaa kando aliguna, akapiga paja. "Uwi! Ungeniambia mimi, hata ningeazima kwa jirani nijaze!" Ukumbi ukacheka, mimi nikacheka, lakini profesa hakucheka. Alikuwa bado ananitazama.

"Ungenyamaza, hakuna ambaye angejua. Kwa nini ulisema?"

"Kulikuwa na mtu anakohoa," nilimwambia.

Aliandika kitu. Nafasi alipewa Kiprop. Muthoni aliambiwa anaweza kurudia Ndalu yote, kwa gari lilelile na pesa zilezile zilizobaki, hadi katikati ya mwaka unaofuata, bila ahadi ya chochote. Tulirudi Kitale wote watatu kwenye pikapu. Tulipofika Kamukuywa, Kiprop alisimamisha gari akanunua miwa, akarudi nayo ndani akaanza kuimenya kwa meno.

"Nilikuwa nimeshuku," alisema, "lakini kwa wivu, si kwa akili. Wivu ukikosea au ukipatia ni bahati tu."

 Muthoni akanyoosha mkono. "Nipe kipande." Walikula miwa mpaka Kitale, wakitema makapi dirishani kila mmoja upande wake, na nikajua hawatagombana.

Tulikaa mezani wiki ile nzima, Muthoni na mimi, karatasi zimesogezwa pembeni. Swali la watu ndilo lilikuwa rahisi. Hatukuuliza tena watu wa nyumba. Tuliuliza nani alilala katika boma hili jana, na amelala wapi, na nani alipika alichokula. Watu walitoka pembeni ambao hatukuwahi kuwasikia: wachunga ng'ombe, mashangazi walioachika, mabinti waliorudi. Vikombe ndivyo vilitushinda. Muthoni alitaka niwaambie tu, "Vikirudi vitupu ni sawa." Nilimwambia hakuna mtu Ndalu atakayeamini hilo, ni sawa na kumwambia mgeni ale asishibe. Nilikwenda nyumbani nikiwaza, nikarudi na kikapu. Kikapu cha kawaida cha ukindu, cha sokoni.

"Chombo changu ni hiki," nilimweleza. "Nitakiacha pamoja na vikombe. Nitasema, kikapu ni cha Nekesa, kirudi na chochote mlicho nacho. Vikombe ni vya hospitali, na hospitali si jirani. Hospitali inataka vilivyo, hata kama havina kitu."

Alinitazama. "Na wakiweka mahindi kikapuni?"

"Tutakula mahindi, Daktari."

Aliandika maneno hayo katika daftari lake, na leo, miaka hii yote, wanafunzi wake bado hubeba kikapu. Wengine hudhani ni cha kubebea vifaa. Muthoni mwenyewe hakwenda katika ile maabara kubwa. Alipata nafasi nyingine, baadaye, ndogo zaidi, hapahapa nchini, na kwa miaka mingi amekuwa yeye anayewapa wengine nafasi. Mimi sikurudi shule. Niliambiwa mara nyingi nirudi, na kulikuwa na wakati ningeweza, lakini kulikuwa na Wafula na wenzake, kisha kulikuwa na kazi, nayo kazi nilikuwa naijua. Sijutii. Ninachojua nimekijua kwa kukosea mwenyewe na kurudi mlango uleule niliokosea.

Mlango wa kwanza tulioanza nao mwezi wa kwanza ulikuwa wa Kukhu Rosa. Nilitaka kuanza na mwingine, Muthoni akakataa. Jioni tuliacha vikombe vitano na kikapu, nikasema maneno mapya, na Kukhu akanisikiliza mdomo umebana kama mtu anayesikiliza mtoto aliyetoka mjini na mambo. Asubuhi alikuwa ananingoja uani. Kikapu kilikuwa kimejaa hadi juu, mahindi mabichi ya shamba la mtoni, na mayai yamefungwa kwenye kitambaa katikati. Alinipa kwa mikono miwili. Kisha akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na ungo. Vikombe vilikuwa juu yake, vimepanguswa, na ungeweza kuona mwanga ukipita ndani yake. Hakunitazama usoni.

"Haya," alisema. "Chukua hivyo hivyo. Lakini usiseme kwa watu."

Nilivipokea kwa mikono miwili, kimoja kimoja, nikimshukuru kwa kila kimoja kama nilivyomshukuru kwa mayai. Muthoni alikuwa amesimama karibu na gari na daftari wazi. Siku zote yeye ndiye aliyeandika, mimi nikisema. Safari hii alinigeuzia daftari akanipa kalamu. Niliandika majina matano, kuanzia la Kukhu hadi la yule mdogo, na mbele ya kila jina, kwa mwandiko wangu wa kidato cha pili, nikaandika: tupu.